Ratiba ya viza na upepo wa Aisilandi

Ratiba ya kuzunguka Aisilandi kwa gari niliiandika kwa ajili ya watu wa viza. Paspoti yangu bado ni ya Tanzania na Aisilandi imo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo kabla sijafikiria soksi ilibidi nifikirie makaratasi: bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, barua ya kazini, taarifa ya benki, na maelezo ya kila usiku nitalala wapi. Sasa mtu anayelala ndani ya gari ataonyesha hoteli gani? Nikaambatanisha mkataba wa kukodi gari, kisha nikachora jedwali. Siku nane, mistari minane, kila mstari una jina la kambi na idadi ya kilomita. Lilipendeza kweli. Viza ikatoka. Kosa langu ni kwamba baada ya kuwaaminisha wao, na mimi nikaliamini.

Safari ilikuwa ya watu wawili, mimi na wifi yangu. Mimi nahudumia wazee huko Leeds, yeye yuko Coventry. Mume wangu alikosa likizo, na dada yake hakusikitika hata kidogo. "Wifi, twende sisi. Kaka angekuja angelalamikia baridi mpaka tukose raha." Tukachagua nusu ya pili ya Septemba kwa kuwa bei za kukodi zinashuka watalii wa kiangazi wakishaondoka. Gari lenyewe ni kempavani, ukubwa wa kipanya cha zamani cha Dar, ila viti vya nyuma vimetolewa pakawekwa kitanda, sinki la ukubwa wa bakuli, jiko dogo la gesi na hita.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Barabara Namba 1 inazunguka nchi nzima, kama kilomita 1,320. Gawa kwa nane, unapata 165 kwa siku. Mtu aliyekulia Tanga, anayejua kuwa basi la Dar linamaliza kilomita 350 hivi na abiria wanashuka wakiwa na njaa tu, ataiona 165 kama safari ya kwenda sokoni. Nikaona hata nafasi ya kuchepuka inabaki, nikaongeza maporomoko mawili na ufuo mmoja kila siku.

Kumbe siku ya kwanza inaliwa na uwanja wa ndege wa Keflavík na makabidhiano ya gari, na ya mwisho inaliwa na kulirudisha likiwa safi. Hapo nane zimeshakuwa sita. Mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe. Kuna madaraja ya gari moja, ambapo unasubiri wa upande wa pili apite kwanza. Na mchana wenyewe unapungua ukiuangalia. Kwetu Tanga, wakati wa jua kuzama hautofautiani hata kwa saa nzima mwaka mzima. Kule, katika siku zetu nane tu, jua la kuzama lilirudi nyuma karibu nusu saa.

Yote hayo ningeyasamehe. Ambalo bado linaniuma ni upepo. Baba yangu alikuwa mvuvi, na nimekua nikimwona anatoka nje alfajiri, anasimama, hasemi neno, anasikiliza minazi. Kusi likikaza, ngalawa inabaki mchangani hata kama nyumbani hakuna kitoweo. Hakuna siku hata moja aliyosema "Jumanne nitakuwa mahali fulani." Na mimi binti yake nikaenda katikati ya Atlantiki ya Kaskazini na jedwali lisilo na safu ya upepo.

Nitasema na ya kulala, kwa sababu ndiyo watu wanayoniuliza kwanza. Picha za mtandaoni zinaonyesha gari limeegeshwa peke yake chini ya mlima, mlango wazi, kikombe cha kahawa. Sheria yao ya uhifadhi haikuruhusu kulala hivyo ndani ya kempavani, labda mwenye ardhi akupe ruhusa. Unalala kwenye kambi rasmi, unalipa kwa kichwa, sisi tulikuwa tunalipa krona 2,000 hivi kila mmoja. Na kambi nyingi zinafunga katikati au mwishoni mwa Septemba. Katika jedwali langu lililopigwa muhuri, kambi mbili za mashariki zilikuwa zinafungwa wiki hiyohiyo. Nilikuja kugundua nikiwa tayari nimeshika tiketi. Skaftafell iko wazi mwaka mzima, na pia Akureyri na Egilsstaðir. Ningezijua hizo kwanza, halafu ndiyo ningechora njia ya kuziunganisha.

Siku ya kuchukua gari, kijana wa kukodisha hakutuonyesha kitanda wala jiko kwanza. Alitutoa nje, akashika mlango wa dereva kwa mikono miwili. Akasema bima tuliyolipia inahusu kokoto zinazoruka na mchanga unaokwangua rangi, lakini mlango ukichukuliwa na upepo, hiyo ni juu yetu. Bawaba zinapinda, wakati mwingine mlango unakunjwa mpaka unagusa bodi. Kwa hiyo: egesha pua ya gari ikitazama upepo unakotoka. Ukifungua, mkono usiachie mpaka miguu yote miwili iko chini. Na milango miwili isifunguliwe kwa pamoja. Wifi akaninong'oneza, "Huyu anatutisha bure." Nje bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti.

Pale ofisini palikuwa na rafu ya vitu vilivyoachwa na wasafiri waliotangulia. Chumvi, mafuta ya kupikia robo chupa, tambi, vijiti vya kiberiti, mitungi midogo ya gesi iliyotumika nusu. Gesi huruhusiwi kupanda nayo ndege, kwa hiyo kila anayeondoka anaiacha. Tulichota mitungi mitatu na chumvi. Sisi tulikuwa tumekuja na sembe kilo mbili, mchele, tangawizi na iliki. Nyama tuliiacha kabisa, tukawa watu wa samaki na mayai, na samaki kule hawakuwahi kutuangusha.

Kuendesha kulia lilikuwa jambo la wifi, mimi nilikuwa wa kusoma ramani. Aisilandi nao walikuwa wanaendesha kushoto kama sisi mpaka tarehe 26 Mei 1968, siku walipohamia kulia nchi nzima. Wifi alisema wangetungojea kidogo. Tabu yenyewe ni mizunguko ya barabarani. Sisi tumeziita kipilefti tangu utotoni, jina lenyewe limebeba amri, na sasa unaingia na kuzunguka kwa kulia. Juu ya hilo, kule aliyeko njia ya ndani ndiye mwenye haki ya kutoka, wa nje anampisha. Tulizunguka mmoja mara tatu. "Hii siyo kipilefti," wifi alisema, mikono imekakamaa kwenye usukani, "hii ni tawafu."

Usiku wa kwanza tulilala Selfoss. Tulipika wali ndani, tukafunga kila kitu kwa hofu ya baridi, tukalala. Saa kumi alfajiri tone la maji likanidondokea kwenye paji la uso. Halafu lingine. Wifi akakurupuka, "Gari linavuja!" Halikuwa linavuja. Ilikuwa pumzi yetu wenyewe na mvuke wa wali, umepanda, umegusa bati baridi, umegeuka maji. Vioo vilikuwa vinatiririka, blanketi upande wa ukutani limeloa, na lililoloa kule halikauki. Tangu siku hiyo tulipika mlango ukiwa wazi kidogo, dirisha moja tuliliacha na ufa wa kidole usiku kucha, na kila asubuhi kanga yangu kuukuu ilifanya kazi ya kupangusa kioo. Ni kitu kidogo, lakini nguo kavu ndiyo mali yako yote ndani ya gari.

Asubuhi hiyo nikachemsha chai kwa maji ya bomba la moto, nikidhani naokoa gesi. Ilikuwa na harufu ya yai viza. Maji yao ya moto sehemu nyingi yanatoka ardhini na salfa yake. Ya kunywa ni ya bomba la baridi, na hayo ni matamu kuliko ya chupa. Kununua maji dukani ni kutupa pesa.

Mama alipiga simu. Nilimwambia tunalala ndani ya gari lenye jiko. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, msije mkawasha jiko mkalala." Kila mtu wa kwetu anaijua habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua na asubuhi wakakutwa. Jiko la gesi ndani ya gari lililofungwa ni hadithi ileile. Ukitaka joto unawasha hita ya gari, ambayo inatoa moshi wake nje kwa bomba.

Na hita nayo ina siri ambayo sisi hatukuambiwa, au tuliambiwa tukawa tunapiga picha. Inakunywa dizeli kutoka tenki lilelile la gari, ila mrija wake haufiki chini, makusudi, ili usije ukaamka gari halina mafuta ya kuondokea. Tenki likishuka chini ya robo, hita inazima. Tulifika Vík usiku wa pili na robo kasoro. Saa saba usiku ikakohoa, ikanyamaza. Nilivaa kila nilichokuwa nacho, koti juu ya sweta juu ya dera, tukaweka maji ya moto kwenye chupa mbili za plastiki ngumu, moja miguuni, moja tumboni. Kilichotuokoa hasa ni mifuko ya kulalia ambayo wifi alisisitiza tununue ya baridi ya chini ya sifuri, na mimi nilibishana naye dukani kwa sababu ya bei. Kuanzia hapo tenki likifika nusu tunajaza. Vituo vingi havina mhudumu, ni mashine na kadi yenye namba ya siri, na ukielekea mashariki vinapungua.

Siku ya tatu tulianzia Reynisfjara, ule ufuo wa mchanga mweusi. Mawimbi pale yameua watu: linakuja dogo, dogo, dogo, halafu moja linapanda ufuo mzima. Kuna mbao za tahadhari, na bado tuliona mtu ameipa bahari mgongo apigwe picha. Mimi sikushuka hata chini. Baba alitufundisha hilo kabla ya kuogelea.

Nikiwa pale juu ndipo nikafungua tovuti ya idara yao ya hali ya hewa, Veðurstofa Íslands, kwa mara ya kwanza kwa makini. Maonyo yao yana rangi tatu, njano, chungwa na nyekundu. Kusini-mashariki yote, njia yetu, ilikuwa ya chungwa kuanzia jioni. Upepo wanaupima kwa mita kwa sekunde, na ndiyo maana tarakimu zinadanganya mgeni. Unaona 25, unasema si kitu. Zidisha kwa 3.6: ni kilomita 90 kwa saa, na hiyo kabla ya mipigo ya ghafla. Gari refu la ubavu mpana kama letu, 15 tayari ni la kufikiria mara mbili. Barabarani kuna vibao vya umeme vinavyoonyesha joto, upepo, na mpigo mkubwa kabisa wa karibuni.

Jedwali lilisema tulale Höfn, kilomita 270 hivi kutoka Vík. Nikasema tukiwahi tutaupita upepo kabla haujafika. Wifi aliangalia simu, akaniangalia mimi. "Wifi, nani anatusubiri Höfn?"

Sikuwa na jibu. Tukakubaliana tufike Kirkjubæjarklaustur tu, kilomita sabini na kitu, kijiji ambacho wenyewe wanakifupisha kuwa Klaustur, na sisi tukashukuru. Kilomita ishirini za mwisho wifi alikuwa amekata usukani kidogo kushoto ili gari liende moja kwa moja. Kila lori lililotupita lilituziba upepo kwa sekunde moja, gari likaruka upande, kisha upepo ukaturudisha kwa kofi. Kibao cha mwisho kilisoma 19, mpigo 28. Hakuna aliyezungumza. Tulipoegesha, wifi aligeuza pua kutazama upepo bila kukumbushwa. Nikafungua mlango wangu kwa mikono miwili na bado ulinivuta nje nusu mwili, kama mtu anayeninyang'anya mkoba. Nikamkumbuka kijana wa watu na bendera yake iliyolala.

Tulikaa Klaustur usiku mbili. Barabara ya mashariki ilifungwa, kizuizi kikashushwa, na hapakuwa na la kubishana. Gari lilitikisika usiku kucha kama chombo kilichotia nanga kwenye mkondo mbaya. Nilijaribu kuudhika kwa ajili ya ratiba, nikashindwa, kwa sababu kijiji chenyewe kilinipendeza. Mwaka 1783 mlipuko wa Laki ulileta mto wa moto mpaka karibu na hapo, na tarehe 20 Julai mchungaji wao, Jón Steingrímsson, akaongoza ibada huku lava inakuja. Ilisimama kabla ya kulifikia kanisa. Wanaiita misa ya moto. Nilizunguka pale kwenye mvua ya ubavuni nikiwaza watu waliobaki ndani ya jengo wakiimba.

Halafu bwawa. Karibu kila kijiji kule kina bwawa la kuogelea lenye maji ya moto, na kwa msafiri wa gari ndilo bafu lake. Masharti yake: kabla ya kuingia unaoga kwa sabuni, bila nguo hata ya kuogelea, wanawake kwa wanawake katika chumba cha pamoja. Ukutani kuna mchoro wa mwili wenye sehemu za kusugua zimetiwa rangi nyekundu, usije ukasema hukuelewa. Mimi na wifi tukasimama mbele ya mchoro ule tukiwa na makoti. Wifi na wifi wa kitanga, jamani. "Tumeheshimiana miaka kumi na moja," alisema, "leo heshima inaishia mlangoni." Nikarudi mapokezi nikauliza, yule mama akanionyesha kona yenye pazia. Mabwawa kadhaa yanayo, ni kuuliza tu. Dakika kumi baadaye tulikuwa kwenye beseni la moto la nje, maji shingoni, mvua ya barafu inapiga kichwani, na wazee watatu wa kijiji wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu jambo ambalo nina hakika lilikuwa kondoo.

Ni mle majini ndipo tulipoufuta mzunguko kwenye ratiba. Wifi alihesabu kwa vidole vilivyokunjamana. Tukilazimisha, siku tatu zilizobaki ni kuendesha tu, masaa saba, manane kwa siku, madereva wawili ambao mmoja ni mwoga wa kuendesha kulia, na huko mbele kaskazini kulikuwa na theluji kwenye milima ya njiani. Tukisogea mbele kidogo tu, kisha turudi kwa njia tuliyojia, tunapata siku mbili nzima za barafu. Niliona aibu kidogo kwa sababu kazini nilishawatangazia watu kuwa nazunguka nchi. Aibu ya namna hiyo ndiyo inayowaingiza watu kwenye upepo, na wanaokuja kuwatoa ni waokoaji wa kujitolea, walioacha kazi zao na vitanda vyao.

Kizuizi kiliinuliwa mchana wa siku ya tano. Tukavuka Skeiðarársandur, uwanda wa mchanga mweusi na mito isiyokaa mahali pamoja. Kipande hiki ndicho kilichochelewesha barabara nzima. Mzunguko ulikamilika mwaka 1974 tu, madaraja ya hapa yalipojengwa. Karibu na Skaftafell kuna vyuma viwili vikubwa vimelala kando ya njia, vimepinda kama nondo za mtoto. Ni mabaki ya daraja lililobebwa na mafuriko ya Novemba 1996, volkano ilipoyeyusha barafu kwa chini. Wifi alisimama karibu navyo, akaweka kiganja juu ya chuma, akakaa hivyo kwa muda.

Jökulsárlón, ziwa la barafu, tulikaa kutwa. Sitaieleza, mapande ya barafu ya bluu yamepigwa picha vya kutosha. Nitasema tu kwamba tulipika ugali kwenye maegesho, mlango wazi, upepo mita 4, na sili mmoja alitoa kichwa majini akatutazama tunavyosonga.

Usiku huo Skaftafell nilitoka saa nane kwenda chooni, kanga kichwani, na mbingu ilikuwa na utepe wa kijani, ule mwanga wa anga za kaskazini, unaotembea taratibu kutoka mlima mmoja kwenda mwingine. Nilimwita wifi kwa sauti ya kawaida mara mbili. Anadai nilinong'ona. Asubuhi nilimwonyesha picha iliyotikisika, hajanisamehe mpaka leo.

Tulirudisha gari siku ya nane, kilomita 930, mzunguko haupo. Yule kijana alipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango wa dereva, chini mpaka juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kioo cha mbele kilikuwa na vidoa vya mchanga, hivyo bima ilibeba. Kwenye rafu tuliacha mtungi mmoja na nusu wa gesi, iliki kidogo, na sembe kilo moja iliyobaki. Wifi aliomba kalamu pale mezani, akaandika kwenye mfuko kwa Kiingereza, herufi kubwa, namna ya kusonga ugali, kuanzia maji yachemke kwanza. Tulikuwa tumeshafika mlangoni alipogeuka akarudi kuongeza mstari mmoja. Nilichungulia. Aliandika wafungue dirisha.